Senene wa Nshamba na Chupa ya Chai ya Bumbire

Muleba, Jumapili jioni

Kwa binti yangu Kokushubila,

Shuleni walikufundisha kwamba barua huanza kwa hujambo, mimi sijambo, hofu ni kwako uliye mbali. Wewe si wa mbali. Uko chumba cha pili, nakusikia ukibishana na sanduku lisilotaka kufungika, kwa hiyo najua kwamba hujambo na mwenye hali mbaya ni sanduku. Nakuandikia kwa sababu tangu tulipokula nimekuja mlangoni kwako mara tatu na jambo la kusema, na mara zote tatu nimekwambia habari za mvua.

Sitakuandikia uchemshe maji, uweke fedha mahali gani, wala ukae upande gani wa meli. Mama yako ameshayasema hayo mara nne na mara ya tano itakuwa kesho kituoni. Mimi nataka kuzungumza habari ya aya ya tatu.

Unaijua. Barua yako ya kuajiriwa ina aya tano, na mezani leo umetusomea ya tatu mara tatu, mara ya mwisho ukiwa umesimama: kwamba mhazili mpya atafuatana na maofisa katika safari za mikoani, na kwamba mwezi Desemba wafanyakazi wote watapelekwa mbuga ya Serengeti kwa basi la shirika, chakula na malazi juu ya mwajiri. Uso wako ulikuwa unang'aa. Kisha ukasema, kwa furaha ile ile, kwamba basi Krismasi huenda usije nyumbani. Mama yako akainuka, akakusanya sahani, akaenda kuziosha. Tulikuwa hatujamaliza kula. Mimi nilibaki na ndizi mkononi, sina pa kuiweka.

Umeingia chumbani ukiamini mama yako hataki uende. Si kweli. Mama yako amekumbuka jambo, na jambo lenyewe nililifanya mimi, kidogo kabla hujazaliwa na kidogo siku uliyozaliwa. Usipolijua, kesho utapanda meli na kinyongo chako, yeye atabaki hapa na chake, na mwenye kosa atasimama katikati amebeba sanduku. Nisingelala kwa amani.

Mwaka wa kwanza wa Uhuru nilikuwa na miaka ishirini na mitatu. Nilikuwa nimemwoa mama yako mwaka huo huo, na kabla rubisi ya harusi, ile pombe ya ndizi, haijakauka vibuyuni nikapata kazi ya mkaguzi msaidizi wa kahawa. Nilipewa kaptula mbili za kaki, soksi ndefu za kijivu na kiti ndani ya Landrova. Kiti chenyewe kilikuwa nyuma, juu ya magunia ya sampuli, lakini mtu akipita Muleba ndani ya Landrova mwaka ule hakuna aliyemuuliza amekalia nini. Watu walitoka vibanjani, kwenye migomba yao, wakatupungia. Wazee walionijua tangu nikitembea uchi waliniita waitu, kama bwana mkubwa. Unajua huko nje Wahaya tunataniwa kwa jina la nshomile, watu wa "mimi nimesoma". Basi mimi niliyeishia darasa la nane nilijisikia nimesoma mpaka kwenye soksi.

Tulikuwa watatu. Mkubwa wangu alikuwa Bwana Laurenti, mtu mwenye tumbo na heshima zake, aliyeweka kalamu tatu mfukoni na moja tu ndiyo iliyokuwa na wino. Dereva alikuwa Shabani, kijana wa Tabora, ambaye kila alichokiona kwetu kilimshangaza. Kazi yetu ilikuwa kupita kwenye maghala kutazama kama kahawa imekauka sawasawa. Lakini Koku, sikuipenda kazi kama nilivyopenda kwenda. Lilikuwapo ghala moja upande wa Nshamba tulilolikagua mara tatu ndani ya mwezi mmoja, kwa sababu mwenye ghala alikuwa na rubisi nzuri na hadithi ndefu. Kahawa yake ilikuwa safi mara ya kwanza. Ilikuwa safi mara ya pili. Mara ya tatu hatukufika ghalani kabisa.

Nyumbani nilirudi nikiwa mtu wa habari. Nilimweleza mama yako nilikokwenda, nilichokula, walivyonipokea. Yeye alikuwa na mimba yako, miguu imemvimba, anamenya ndizi. Alinisikiliza. Siku moja akaniuliza, "Na huko mnakokwenda, kuna mtu aliyewahi kuniulizia?" Nikasema bila shaka. Hakuna aliyewahi. Nilikuwa sijamtaja kwa mtu.

Sasa nikueleze habari ya senene, maana wewe umekulia katika siku ambazo wasichana wanakula senene hadharani na mbingu haijaanguka. Siku zetu mwanamke ndiye aliyeamka na umande kwenda kuwakamata, akawachambua, yaani akawanyofoa mabawa na miguu mmoja mmoja, akawakaanga, akamwekea mumewe. Yeye mwenyewe hakuonja. Na mume aliyeandaliwa senene alitakiwa ampe mkewe nguo mpya. Ndiyo ilikuwa desturi, na kila mtu aliielewa. Lakini mwanamume kuinama majanini akamate senene kwa mkono wake! Afadhali akutwe na kuku wa jirani.

Asubuhi moja ya Novemba tulikuwa tunarudi kutoka Nshamba. Tairi likapasuka njiani, mahali pasipo na nyumba. Shabani akaingia chini ya gari. Mimi na Bwana Laurenti tukasimama kando ya barabara, na ndipo tulipoona kwamba majani yote mpaka bondeni yalikuwa yamejaa senene. Walikuwa wameanguka alfajiri ile, wamelowa umande, hawawezi hata kuruka. Bwana Laurenti akatazama kushoto, akatazama kulia.

"Deo," akasema, "kuna mtu?"

"Hakuna, waitu."

"Tazama vizuri."

"Yupo mbuzi mmoja, na amefungwa."

"Basi lete kopo la biskuti."

Mwanangu, tuliwakamata senene kama watu waliofunguliwa jela. Bwana Laurenti alitambaa kwa magoti na viganja, kalamu zikimdondoka moja moja, nami nyuma yake nikiwazoa kwa mikono miwili. Walinipanda magotini, wakaniingia kwenye soksi, sikujali. Kopo lilipojaa tukaketi kwenye bampa ya Landrova tukaanza kuchambua. Hapo ndipo nilipojua kwamba kazi ile wanawake huifanya huku wakizungumza kwa sababu wana akili kwenye vidole. Sisi tulinyofoa mabawa tukang'oa na vichwa. Shabani alitoka chini ya gari, akatutazama kwa muda mrefu.

"Nyinyi ndio wale wasomi?" akauliza. "Mnawang'oa panzi miguu?"

Bwana Laurenti akashtuka. Akakumbuka yeye ni nani. Akachukua punje ya kahawa kwenye gunia la sampuli, akaipasua katikati kwa meno, nusu akanipa mimi. Babu zetu walifunga undugu hivyo, kwa punje moja ya kahawa na damu kidogo, na aliyevunja undugu ule alijitafutia balaa. Damu tuliiacha kwa sababu Bwana Laurenti alikuwa haiwezi. Tukaapa kwamba hakuna atakayesema, hata kwa mkewe. Shabani naye alipewa punje nzima kwa kuwa nusu zilikuwa zimekwisha. Akaitafuna, akaitema, akasema undugu wetu ni mchungu.

Bwana Laurenti alikufa mwaka jana, Mungu amlaze pema. Nadhani naweza kusema sasa.

Tulipofika mjini tukagawana. Sehemu yangu niliitia kwenye kopo, nikaingia nyumbani kama bwana harusi. Mama yako alikuwa ameketi kwenye mlango wa jiko.

"Nimekuletea zawadi," nikasema.

Akafungua kopo. Akatazama ndani. Nilifikiri amenyamaza kwa furaha.

"Senene," akasema.

"Senene."

"Wamechambuliwa."

Ndipo nilipoona nilichofanya. Fikiria mwenyewe: mwanamume anatoka safari, amelala nje usiku mmoja, anamletea mke mjamzito zawadi ya kitu ambacho mke hali, kitu ambacho mwanamke mwingine tu ndiye huweza kumpa mwanamume, tena tayari kimechambuliwa.

"Nani amekuchambulia?" akauliza.

"Nimepewa tu."

"Na nani?"

"Na watu wa Nshamba."

"Watu wa Nshamba hawana majina?" Akafunika kopo. "Na huyo mtu wa Nshamba, umempa nguo gani?"

Nilikuwa na jibu moja tu la kweli, neno moja, "mimi". Nililiona kabisa pale kwenye ulimi wangu. Lakini niliona pia soksi zangu za serikali, na Bwana Laurenti akitambaa, na mama yako akiwasimulia dada zake, na dada zake wakisimulia kwao, Kanazi nzima. Nikasema ni watu tu, wakarimu, wa Nshamba.

Aliwakaanga. Aliwakaanga vizuri sana, kwa kitunguu, akaniwekea mezani, akakaa mbele yangu akanitazama nikila mpaka wa mwisho. Sijawahi kula chakula kirefu kama kile. Jioni akafua nguo zangu za safari. Nilikuwa nimejinyoosha barazani aliposimama mlangoni na soksi zangu za kijivu mkononi, bado kavu.

"Deo," akasema, na sauti yake ilikuwa ya upole, nakumbuka upole huo, "nakuuliza mara ya mwisho. Nani amewachambua wale senene?"

"Watu wa Nshamba," nikasema.

Asubuhi yake alipanda basi kwenda kwao Kanazi, na sanduku lake la harusi, na wewe tumboni.

Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Yangu imetembea karibu miaka kumi na tisa na bado iko barabarani.

Usidhani sikujua la kufanya. Kila mtu kwetu anajua. Mke akienda kwao kwa hasira, mume hutafuta mzee mmoja na kibuyu cha rubisi, anamfuata, anaketi mbele ya wakwe na kueleza kosa lake. Nikaagiza rubisi, ikatengenezwa. Nikampata na mzee. Tulikuwa tuondoke Jumamosi. Alhamisi Bwana Laurenti akaingia ofisini akisugua mikono: kwa kusherehekea mwaka mmoja wa Uhuru, ofisi nzima inakwenda kisiwani Bumbire kwa boti. Mbuzi wawili, mpira, ngoma, mbio za magunia. Kwenye faili iliandikwa ukaguzi wa kahawa. Bumbire ni kisiwa cha wavuvi, Koku. Tulipofika tulikuta mche mmoja wa kahawa nyuma ya kanisa, tukaukagua.

Nilijiambia Kanazi haihami. Nilijiambia mtoto bado, na hasira ya mwanamke hupoa ikiachwa peke yake. Mzee wangu nikamtumia salamu kwamba kuna kazi za taifa. Na rubisi ile, ile ya kumwombea mama yako msamaha, niliibeba nikaenda nayo Bumbire, maana kila mtu aliambiwa aje na kitu. Ilisifiwa sana.

Siku ya Uhuru yenyewe, Jumapili, baada ya misa, tukapanga mstari ufukweni, wanaume kumi na mmoja ndani ya magunia ya kahawa. Nilikuwa na miguu mizuri siku hizo. Nikaruka, nikampita karani, nikampita mpimaji, nikampita Bwana Laurenti ambaye alikuwa ameanguka mwanzoni na alikuwa akiendelea kwa kubingirika. Kwenye mstari wa mwisho gunia likanikamata na nikaanguka kifudifudi juu ya mkeka wa furu, samaki wadogo, walioanikwa na mama mmoja. Lakini kichwa kilikuwa kimevuka. Nikatangazwa mshindi. Nikapewa chupa ya chai, mpya, nyekundu, yenye picha ya waridi.

Ndiyo, chupa hiyo hiyo. Hii unayoijua, ambayo kizibo chake nimekifunga kwa kamba ya mgomba. Nilikwambia nilipewa kwa juhudi kazini. Juhudi zilikuwepo.

Na ulipoanza shule ukaniuliza kwa nini wewe umezaliwa Kanazi na si hapa, nikakwambia siku ile nilikuwa kwenye sherehe za taifa. Hilo pia si uongo kamili. Bibi yako alikumbuka kwamba ulitoka mara tu kengele ya misa ya pili ilipokwisha kulia. Nimeipigia hesabu saa hiyo mara nyingi. Binti yangu, ulizaliwa nikiwa ndani ya gunia.

Habari nilizipata Jumatatu nilipoteremka botini. Jumanne nikafika Kanazi, peke yangu, bila mzee, nikinuka furu, na chupa ya chai kwapani. Bibi yako akafungua mlango. Nikapiga magoti, nikamwamkia. Akageuka akawaambia waliokuwa ndani:

"Baba wa mtoto amefika. Amekuja na chai."

Wakaniweka kwenye kiti katikati ya chumba. Babu yako akauliza rubisi iko wapi. Ndipo nilipokumbuka iko wapi. Nikamkabidhi chupa. Bibi yako akaipokea, akafungua kizibo, akachungulia ndani, akawatazama wanawe.

"Haina hata chai," akasema.

Kukupa jina ilikuwa haki ya upande wangu. Lakini upande wangu ulikuwa kisiwani, kwa hiyo ulishapewa jina na upande wa mama. Niliambiwa hivyo na kaka yake mdogo kabisa, kwa furaha. Kisha nikaruhusiwa kukuona. Ulikuwa umelala, umekunja ngumi, umekunja na uso, mtu mwenye mashaka tayari. Mama yako alikuwa kando yako. Hakunigombeza. Alisema tu, "Umeshinda?" Nikasema nimeshinda. Akageukia ukutani.

Nimefanya makosa mengi, Koku. Nimenunua ng'ombe mgonjwa kwa sababu muuzaji alikuwa na Kiswahili kizuri. Miaka ya vijiji vya ujamaa nilipelekwa ziara ya mafunzo siku tisa, nikarudi na hotuba, nikamhutubia mama yako juu ya kilimo cha pamoja mpaka akanipa jembe akasema shamba la kijiji liko pale, la kwako liko hapa, na yote mawili yana magugu. Hayo nayacheka. Hili la Bumbire nalicheka pia nikiwa na watu, lakini nikiwa peke yangu silichekei, kwa sababu nakumbuka nilivyokuwa siku ile. Sikuwa na wasiwasi hata kidogo. Nilikuwa na furaha kabisa. Mama yako alikuwa akiniita jina kwa uchungu Kanazi, nami nilikuwa nimebebwa juujuu na makarani.

Alirudi baada ya miezi miwili. Habari ya senene hakuitaja tena. Ila umeona mwenyewe kila Novemba: anaamka kabla ya jua, anakamata, anachambua, anakaanga, ananiwekea sahani na kusema, "Hawa nimewachambua mimi, Asteria mkeo." Wewe na wadogo zako mmekua mkiliitikia neno hilo kwa vicheko, mkidhani ni mchezo wa mama. Sasa unajua linakotoka. Nami kila mwaka nimempa nguo. Hata miaka hii ya foleni, ambapo duka la ushirika lina chumvi na picha ya Rais tu, nimempa nguo. Nilifikiri siku moja nguo zitatosha.

Kwa hiyo leo uliposimama na aya yako ya tatu, ukisema Serengeti na Desemba na sitakuja, alisikia Landrova. Hasira yake haikuwa juu yako.

Nenda, mwanangu. Usije ukasikia nakukataza. Nenda Serengeti, nenda Musoma na maofisa, ukipata nafasi ya kwenda Dar es Salaam nenda na huko. Safari za kazi ni tamu, na raha aliyonayo mtu anayesafiri bila kulipa nauli ni raha ya pekee. Cheza na wenzako. Wakikuingiza kwenye gunia, ruka. Mimi najua miguu yako ilikotoka. Lakini huko utawataja watu wa nyumbani au hutawataja, na hiyo utaiamua mwenyewe kila siku. Mimi sikumtaja mama yako kwa mtu hata mmoja kuanzia hapa mpaka Nshamba, na nadhani kosa langu lilianzia hapo, kabla ya senene. Na ukifanya jambo la kipuuzi, maana utalifanya, lilete nyumbani siku hiyo hiyo likiwa bado dogo. La kwangu lingeenea ndani ya kopo la biskuti.

Nilitaka kumalizia hapo. Lakini mama yako ameingia.

Amesema, "Unaandika nini tangu magharibi?" Nikasema barua ya mtoto. Akasema mtoto yuko chumba cha pili. Nikasema najua. Akanyoosha mkono. Koku, ningeweza kukataa. Nimempa.

Unajua anavyosoma, kwa kidole, mstari kwa mstari, midomo ikicheza. Nimeketi mbele yake nikikifuata kile kidole kama mtu anayesubiri hukumu. Kilipofika Nshamba kilisimama. Kikaendelea. Kilipofika kwa Bwana Laurenti akitambaa nilimwona akibana midomo. Kisiwani alikwenda polepole sana. Alipofika mwisho akarudi ukurasa wa senene, akausoma upya.

"Baba Koku," akasema, "unajua nilikuta nini ndani ya soksi zako siku ile?"

Nikasema sijui.

"Mabawa. Manne, na mguu mmoja."

Nikatazama miguu yangu chini ya meza.

"Kumbe ulijua?"

"Nilijua kabla sijazitia majini. Ndiyo maana nilikuja nazo mlangoni nikakuuliza tena. Nilitaka useme, tucheke. Ningecheka mpaka mtoto azaliwe hapa hapa." Akakunja karatasi, akazikunjua. "Sikuondoka kwa sababu ya mwanamke wa Nshamba. Mwanamke wa Nshamba hayupo. Niliondoka kwa sababu wewe ulikuwa radhi niamini yupo, kuliko nijue kwamba uliinama."

Nimemwambia anisamehe. Nimemwambia kwa Kihaya na kwa Kiswahili. Amejifuta macho kwa upindo wa kanga, kisha mabega yakaanza kumtikisika, nikadhani analia, kumbe ni Bwana Laurenti. "Kwa magoti!" anasema. "Na lile tumbo!" Amecheka mpaka akashika meza.

Kisha akaenda kwenye sanduku lake akatoa kitenge, kile cha maua mekundu nilichompa mwaka jana, bado kinanuka dawa ya nondo. Hajakivaa hata siku moja. Amekiweka hapa mbele yangu, juu ya karatasi.

"Aliyekamata senene hupewa nguo," akasema. "Desturi ni desturi. Hii ni yako tangu siku ile. Kesho utaivaa kumsindikiza mtoto."

Sasa yuko chumbani kwako. Namsikia akikalia sanduku lako ili lifungike, na namsikia akikwambia nenda kawaone tembo, Krismasi yako itakungoja hata Januari, kuku hajui tarehe. Umelia kidogo. Sasa umecheka, kwa hiyo amefika kwenye soksi. Basi barua yangu itakuwa imetanguliwa na mwenye habari. Isome tu melini, nimeiandika kwa mkono wangu na nimekosea mahali pachache. Chupa ya chai nimeiweka kwenye kikapu chako, na safari hii ina chai.

Kesho asubuhi kituo cha basi, mbele ya Muleba nzima, utamwona mzee aliyejifunga kitenge chekundu cha maua. Usijifanye humjui. Watu wakikuuliza amepatwa na nini, waambie alikamata senene.

Ni mimi, baba yako,
Deo